Askari Ambaye Hakuchongwa

Karatasi ya kwanza asubuhi ile ilitoka na mtu wa ziada.

Yasubei, mzee mchapaji wa picha, aliiinua taratibu kutoka kwenye ubao uliochongwa na kupakwa wino, akaisogeza dirishani. Ilikuwa picha ileile ya vita vya Uchina aliyokuwa akiichapa tangu juzi: maofisa wa Kijapani kilimani, panga juu, mizinga ikitema moto. Lakini chini, penye theluji, ambapo karatasi ilipaswa kubaki nyeupe, alichutama mtu, kawapa mgongo. Yasubei akapapasa ubao kwa kidole. Patupu. Mchongaji alikuwa ameutoa mti wote pale. Hapakuwa na cha kushika wino.

Akachapa nyingine. Mtu yule akatoka tena, safari hii kichwa kimegeuka kidogo.

Adhuhuri alikuja Iseya, mwenye duka la picha. Alimwona mzee alivyokodoa macho, akacheka. "Mzee Yasu, siku hizi unakunywa kabla ya chai?"

"Tazama mwenyewe."

Iseya akatazama. Kicheko kikamkauka. "Nani kamchonga huyu?"

"Hakuna."

Iseya aliitupa karatasi kama kaa la moto, akaondoka bila mzigo wa picha aliokuja kuuchukua, hata kuaga akasahau.

Yasubei akabaki peke yake, kama alivyobaki tangu mkewe afe na mwanawe wa pekee, Umetaro, apelekwe vitani. Barua ya mwisho ilikuja majani yakipukutika. Sasa ilikuwa Februari. Akaendelea kusugua mgongo wa karatasi kwa kisugulio chake, shwa, shwa, shwa. Alipouinua mkono, sauti haikukoma, ikasogea begani pake, ikaja na harufu ya sufu iliyolowa na baruti, na pumzi fupifupi za mtu anayegonganisha meno, pumzi za baridi zilizompiga shingoni ilhali mkaa ulikuwa ukiwaka mbele yake, naye asithubutu kugeuka, maana wazo moja tu lilikuwa limemjaa kichwani, lile ambalo mzazi hulikataa hata likimkalia kifuani.

"Umetaro," alinong'ona. "Ni wewe, mwanangu?"

Akamwendea Bibi Oshige, kipofu aliyeita wafu kwa kupiga uzi wa upinde. Bibi akaja, akaketi karibu na ubao, akaupiga uzi mpaka midomo yake ikaanza kutoa maneno yasiyo ya Kijapani. Alipozinduka, jasho lilikuwa likimchuruzika.

"Si mwanao," alisema kwa sauti ya chini. "Ni askari wa Kichina. Mwanao yu hai."

Yasubei aliangua kilio cha furaha palepale mkekani.

"Usifurahi kwanza, ndugu yangu. Mwanao ndiye aliyemuua. Picha hii ya mahali alipofia ndiyo iliyomfungulia njia. Anamngoja mwanao arudi hapa nyumbani, ili amlipize kisasi."

"Mfukuze!"

"Naweza. Lakini akitoka hapa, atamfuata hukohuko aliko."

Yasubei akauvuta ubao karibu naye.

"Basi mwache," akasema. "Akae na mimi."

Siku hiyohiyo akamwandikia mwanawe: Usirudi nyumbani. Nenda Osaka kwa shangazi yako. Sababu hakuitaja, alimjua Umetaro, angekuja mbio kumwokoa.

Miezi ikapita. Majirani wakaacha kubisha hodi. Pumzi ile haikuondoka, na Yasubei akazoea kuisemesha, habari za mvua, habari za marehemu mkewe, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Vita vikaisha. Asubuhi moja ya Mei mlango ukagongwa.

"Baba! Ni mimi! Fungua, baba!"

Sauti ilikuwa imekomaa, ya kiume. Yasubei akaurukia mlango, akaubana.

"Ondoka! Sina mwana mimi!"

"Baba, barua yako niliipata. Nimekukosea nini hata unikataze kurudi?"

Yasubei aliubana mlango kwa mikono yote miwili, machozi yakimdondoka kidevuni, na nje mwanawe alilia kama mtoto mdogo, asiondoke. Na juu ya vidole vya mzee vikajipanga vidole vingine, vya baridi, kimoja baada ya kimoja, vikaanza kuuvuta mlango ufunguke.