Alama Thelathini na Moja za Baba

“Severina, karatasi hii umeichapa wewe?”

Baba yangu mzazi aliniuliza hivyo kwenye geti la kiwanda, mbele ya wafanyakazi wote. Kidole chake kilikuwa juu ya jina lake mwenyewe.

Sixbert Mughwai. Alama 31. ANAPUNGUZWA.

“Ni mimi, baba.”

Alinitazama weee... Kisha akavaa kofia yake akaondoka.

Nyuma yangu mama mmoja akapaza sauti:

“Mtoto wa kumzaa! Kamuuza baba yake ili abaki yeye!”

Jamani, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Matusi nayastahili, ila myatoe mkiwa mnajua yote.

Ilikuwa Itigi, mwaka 1995. Mageuzi yamepamba moto, mashirika ya umma yanauzwa, kila kona watu wanapunguzwa kazini. Kwenye kiwanda chetu cha nta tulikuwa watu 140. Amri ikaja: mwenye alama chini ya 40 aondoke, na hakuna rufaa.

Kila mwaka uliofanya kazi ulikuwa na alama tatu. Juu yake wanakuongezea za nidhamu, mwisho 25.

Baba alikuwa mpima nta, miaka kumi na tisa kazini. Mimi nilikuwa na miaka mitatu tu, karani wa kompyuta. Kompyuta yenyewe moja kiwanda kizima! Nilivyokuwa naringa nayo, acha tu. Jioni naifunika kitambaa cha kufuma kabla sijafunga mlango.

Programu ya wafanyakazi aliiandika mtaalamu mmoja wa Kidenishi, kwa lugha inayoitwa APL. Lugha ile haihangaiki na mtu mmoja mmoja. Unaipa safu nzima ya majina na safu nzima ya alama, unabonyeza kichoro kimoja cha ajabu, inawashughulikia wote kwa mpigo. Mkataba wake ulipoisha akaondoka, akaniachia kitabu na stika za vichoro juu ya vitufe.

Nikaanza kuinyoosha programu ya watu. Mistari thelathini nikaifanya saba. Nani kama mimi?

Tatizo likawa majina. Tulikuwa tunayachapa mara mbili mbili kwa uzembe wetu. Basi nikaongeza mstari mmoja: jina likijirudia, lifutwe.

Nikaendesha... mashine ikagoma! Ikaandika kwamba urefu haulingani. Majina 139, alama 140.

Meneja wetu, mzee Calist, kasimama mlangoni na mkoba mkononi.

“Binti, orodha iko wapi? Gari la Singida linanisubiri.”

“Dakika tano, mzee.”

Mnajua nilifanya nini? Nikakata alama za mtu wa mwisho kule chini. 139 kwa 139. Mashine ikanyamaza, printa ikaanza kulia. Mzee Calist akazikwapua karatasi hata sijazisoma.

Na nikajipongeza, ndugu zangu. Nilijipongeza!

Kesho yake zikabandikwa kwenye ubao wa getini, ya wanaobaki na ya wanaoondoka. Yaliyotokea getini nimeshawaambia.

Siku ya nne akaja mzee Ignas, wa kwenye boila.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Nimekuja kuuliza. Kwenye wanaobaki simo. Kwenye wanaoondoka simo. Sasa mimi nimekufa, au?”

Nikacheka. Nikamwonyesha karatasi.

“Mbona huyu hapa? Ignas Mazengo, anabaki.”

“Huyo ni Ignas mlinzi, mtoto wa baba yangu mdogo. Wote tumerithi jina la babu. Kwani wewe hutujui?”

Kicheko kikaniishia pale pale.

Nawajua! Itigi nzima inawajua! Kwetu jina la babu wanalirithi wajukuu watatu, wanne, na hakuna anayeshangaa. Mimi mwenyewe nina jina la bibi, na binamu zangu wawili ni akina Severina pia. Angekosea yule Mdenishi ningemwelewa. Mimi je?

Nilifuta jina la Ignas mmoja, alama zake zikabaki kwenye safu. Kuanzia hapo kila mtu alipewa alama za mtu aliyekuwa juu yake. Majina yalipangwa kwa alfabeti...

Juu ya Sixbert alikuwepo nani?

Severina.

Alama 31 zilizomfukuza baba zilikuwa zangu! Mimi nilibaki kwa alama za Sefania, fundi mitambo.

Nikaufuta ule mstari, nikarudisha nilichokata, nikaendesha upya. Sixbert, 82, anabaki. Severina, 31, anapunguzwa. Na watu wengine kumi na wawili wamefukuzwa bila haki, akiwemo Luciana wa ghalani, mjane mwenye watoto wanne.

Nikaenda kwa meneja. Nilikwenda kusema yote, Mungu ananiona.

“Unasemaje, binti?”

“Mzee Ignas alisahaulika... nimwongeze?”

“Mwongeze.”

Basi. Hilo tu ndilo lililotoka. Orodha sahihi nikaikunja, nikaisukuma chini kabisa ya droo. Nikajiambia kesho nitasema.

Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Sina cha kupamba hapo. Niliogopa kukosa kazi.

Baba, na miaka yake hamsini na mbili, akaingia vichakani kutundika mizinga. Anarudi uso umevimba kwa nyuki, jicho moja limefumba. Mimi nampelekea sukari na sabuni, anapokea kwa mikono miwili.

“Kazini hawajambo, mama?” Alikuwa ananiita mama.

“Hawajambo, baba.”

“Ishike kazi yako vizuri.”

Hakuniuliza tena kuhusu karatasi ile. Nikadhani hajui.

Miezi kumi na minne baadaye kiwanda kikauzwa. Mnunuzi akafunga mageti, tukatoka wote, na Sefania wetu, na meneja wetu. Hiyo ndiyo kazi niliyomnyamazia baba yangu. Miezi kumi na minne!

Mwezi uliopita tumemzika. Siku ya kugawa nguo zake, mama akanipa koti lake la kiwandani. Mfuko wa ndani ulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo. Mwandiko wa baba:

“Mimi, miaka 19 mara 3, 57. Nidhamu 25. Jumla 82. Severina, miaka 3 mara 3, 9. Nidhamu 22. Jumla 31.”

Tarehe ni ile ile ya getini. Chini kabisa ameandika:

“Mtoto asiulizwe.”

Nililia mpaka nikakaa chini. Alijua! Fomu yangu ya alama tuliijaza pamoja mezani kwake, 31 alizijua ni za nani. Pale getini aliponitazama, alikuwa ameshapiga hesabu na ameshaamua nani abaki.

“Mama, na wewe ulijua?”

“Alinikataza, mwanangu. Alisema utakuja mwenyewe kumwambia. Alikuwa anakusubiri.”

Karibu miaka thelathini... Kila nilipofika na sukari yangu, alikuwa anasubiri.

Ninyi mnaonisoma, mashine ilinipigia kelele nikaiziba mdomo, nikadhani nimerekebisha. Kosa likinyamaza halijapona. Na mtu akikunyamazia, usiseme hajui. Kama kuna mzee unayehitaji msamaha wake, au anakudai ukweli, funga simu hii uende leo.

Orodha ile sahihi bado ninayo. Luciana yuko hai, anaishi Ikungi kwa mwanawe. Jumapili naipeleka, nimwoneshe jina lake lilipokuwa. Sijui atanipokeaje.

Kwa baba nimeshachelewa.