Mtoto wa Kumulikwa

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kabla skrini ya laptopu haijazimika, Ndindi alisikia harufu ya maziwa ya mama ikitoka kwenye kibodi, vuguvugu na yenye kuchacha kidogo, akadhani ni blauzi yake. Mtoto wake alikuwa ameshazikwa, lakini kifua kilikuwa hakijapata habari. Kisha skrini ikawa nyeusi. Feni ilivuma ndani na taa ndogo ya pembeni iliwaka, ila picha haikurudi.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kumpelekea fundi na kulisahau. Kwa Ndindi lilikuwa msiba wa pili. Ndani ya laptopu ile ndimo ilimobaki picha pekee ya binti yake, aliyoipiga Muoki, mumewe, kule hospitalini kabla simu yake haijaporwa. Mtoto aliishi siku mbili. Kwao Ukambani jina hutolewa siku ya tatu, na kabla ya hapo wazee walikiita kichanga kiimu, yaani pepo ambaye bado hajawa mtu. Kwa hiyo alizikwa na kile kikaratasi cha hospitali kwenye mkono: Mtoto wa Ndindi.

Wangeweza kumpa jina hivyo hivyo. Binti wa kwanza hurithi jina la mama ya baba, na mama ya baba, Kamene, alikuwapo pale makaburini na leso yake safi. "Jina langu halitatangulia kaburini mimi nikiwa hai," alisema. Muoki, karani wa mahakama anayebishana na mawakili kutwa, alitazama viatu vyake. Ndindi hakuwasamehe. Baadaye Kamene alihamia kwao mjini, mtaa wa Tassia, eti aje kumtunza, akawa anampikia uji na kumwita mwanangu, na kila kijiko Ndindi alikimeza kwa chuki.

Jumamosi mchana Muoki aliiweka laptopu mezani akampigia rafiki yake Muturi, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta, sauti ya simu ikiwa juu ili wote wasikie.

"Niaje, Muturi. Hii mashine inanguruma lakini skrini ni giza."

"Izime kabisa. Toa chaja, finya pawa ukiishikilia, halafu washa tena."

Giza.

"Basi ichomeke kwa TV. Picha ikitokea kwa TV, mashine iko poa, shida ni skrini."

Muoki alichomeka kebo, na runinga ikawaka. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata kazi aliyoiacha Ndindi nusu. Ndindi alimshika mumewe mkono akamwomba afungue picha ile. Blanketi la hospitali lilitokea, lenye mistari, limekunjwa vizuri, na katikati lilikuwa na kishimo pale kichwa kinapolala. Mtoto hakuwamo.

"Si hii," Ndindi alinong'ona.

"Ni hii. Niliipiga mwenyewe." Muoki aliifunga picha, akaifungua tena. "Labda faili imeharibika."

Ndindi alimtazama. Faili gani hiyo inayoharibika ikamtoa mtoto na kuacha blanketi?

Muturi hakujua wanachokitazama. "Bado mko? Jaribuni kitu kimoja. Fungeni pazia, mumulike skrini ya laptop na tochi ya simu, kwa upande. Mkiona picha hafifu, skrini haijafa, ni taa yake ya ndani tu."

Pazia halikuwa na kazi kubwa. Nyumba za Tassia zimebanana hivi kwamba dirisha lao lilitazama ukuta, na mchana kutwa watu hukaa wamewasha taa. Muoki alizima yao. Ndindi akamulika.

Kwanza aliona vumbi, kisha mistari ya blanketi, na ndani ya mistari ile, pale palipokuwa patupu runingani, akauona uso wa binti yake, mdogo, wa kijivu, macho wazi yakiifuata tochi kila alipoisogeza, na kutoka kwenye spika ikaanza sauti kavu ya midomo inayotafuta titi, ikinyonya hewa, ikiacha, ikinyonya tena, hadi blauzi yake ikalowa pande zote mbili na maziwa yakamtiririka tumboni.

Muoki alichungulia. "Mimi sioni kitu," alisema, na huenda alisema kweli. Akakata simu. Jumatatu ataipeleka ibadilishwe skrini, alisema, kisha akatoka kwenda kupunga hewa, kama alivyozoea kufanya palipotakiwa mwanamume nyumbani.

Kamene alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Ndindi," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo, umeliona meno?"

Ndindi alimulika tena. Midomo ilikuwa imefunguka. Meno yalijaa kinywa, juu na chini, meno ya mtu mzima.

"Mtoto wa siku mbili hana meno, mwanangu. Hilo ni jini. Limekuta sura ya mtoto wetu haina mwenyewe, likaivaa. Usiliite jina lolote. Halina pa kukaa mpaka liitwe."

"Mtoto wetu," Ndindi alisema. "Leo amekuwa wetu."

Mkwewe aliuweka mwiko chini. Alijifunga leso. "Namfuata Pasta Irungu hapo chini. Tutaiombea hiyo mashine, halafu tutaichoma."

Mlango ulifungwa. Ndindi akabaki na giza lile na harufu ile ya maziwa.

"Mama," spika ilisema taratibu. "Mimi naitwa nani?"

Asije mtu akamtetea kwamba hakujua. Alijua, meno alikuwa ameyaona, na onyo alikuwa amelisikia kwa Kiswahili cha kueleweka, lakini alisikia pia nyayo za mkwewe zikishuka ngazi kwenda kuleta moto wa kumchomea mtoto ambaye alishamnyima jina mara moja, na pale ndani ya mwanga wa tochi ule mkono mdogo ulikuwa umejitoa blanketini na kile kikaratasi kikining'inia, Mtoto wa Ndindi, Mtoto wa Ndindi, na upendo na kisasi vikampanda kooni kwa pamoja hata asiweze kuvitenga, akainamia skrini mpaka pumzi yake ikaitia ukungu.

"Kamene," alisema. "Unaitwa Kamene."

Skrini ikawaka yenyewe, safi kama siku iliponunuliwa.

Kamene aliporudi na pasta, alitembea polepole, akipapasa ukuta. Pasta Irungu alifungua Biblia. "Mama, nitajie jina lako kamili, nikutaje katika maombi."

Mama mzee alifungua kinywa. Akakifunga. Akafungua tena, na paji la uso likamtoka jasho.

"Kamene," sauti ndogo ilijibu kutoka mezani.

Mama mzee aligeuka kutazama ni nani anayeitwa.

Pasta aliomba kwa sauti kubwa na kwa haraka, akaondoka bila hata kunywa chai. Muoki aliporudi na kuinyanyua laptopu aitoe nje wakaichome, mama yake alipiga yowe kama aliyemwagiwa maji moto, ikabidi airudishe mezani. Walipompeleka hospitali, madaktari walisema ni uzee. Muoki aliwaamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi.

Laptopu haijasumbua tena. Ndindi huifanyia kazi kila siku, na blanketi kwenye picha limejaa. Maziwa hayajakauka.

Adhuhuri humlisha mkwewe uji, kijiko kwa kijiko. Siku nyingine bibi kizee humkamata mkono, akatazama huku na huku kama mwenye aibu, na kumuuliza kwa kunong'ona, "Mwanangu, mimi naitwa nani?"

Neno moja tu lingetosha kumrudishia jina lake. Chuki yenyewe ilishamwisha Ndindi zamani, na kuna siku neno humfika ulimini kabisa. Kisha nyuma yake, mezani, ile sauti ya kunyonya hukoma, ikasikiliza.

Ndindi hupuliza kijiko.

"Kula, Mama," humwambia. "Uji unapoa."