Taa Zilizovunjwa Machimboni

Sogeeni. Wewe wa mlangoni chagua moja, ndani au nje, hadithi hii haitaki mtu wa nusu nusu. Zimeni redio. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, tunamsubiri. Haya, kimya.

Palikuwa na mke na mume waliokula kwa takataka za watu. Si za kuokota jalalani, la. Ofisi ikihama, duka likifungwa, wanaitwa wao. Wanakuja na gari lao lenye mlango uliofungwa kwa waya, wanabeba viti vilivyovunjika mgongo, mafaili, kompyuta zilizokufa, mashine za fotokopi. Mume aliitwa Zoazoa. Mke aliitwa Bi Tenga, maana kazi yake ilikuwa kutenga: karatasi huku, chuma huku, plastiki kule, na vya sumu peke yake. Vya sumu ni betri, wino wa unga, na zile taa ndefu nyeupe za maofisini ambazo ndani zina unga usiotakiwa kuingia kifuani mwa mtu.

Vya sumu vilikuwa na tanuri lake, mbali, kupita machimbo ya mawe. Bi Tenga alizifunga taa zile moja moja kwa magazeti, kama anavalisha vichanga, akazipanga kwenye maboksi. Mumewe anapakia, anaondoka, anarudi. Mwenye ofisi akiuliza, Bi Tenga anajibu kwa kinywa chake mwenyewe: mzigo umefika salama. Na alikuwa anaamini.

Kilichoanza kilikuwa kidogo. Asubuhi moja anatandika kitanda, akakuta unga mweusi kwenye mto wa mumewe. Wino. Akaukung'uta. Kesho yake upo tena, na safari hii umekaa umbo la uso, mdomo wazi, macho mashimo mawili meupe.

"Mume wangu, hivi unaoga kweli?"

"Naoga kuliko wewe."

"Basi mto wako unavuta sigara."

Alicheka peke yake. Zoazoa aliugeuza mto, akatoka bila kunywa chai.

Ikaja harufu. Harufu ya fotokopi iliyochemka, karatasi inayokaribia kuungua, na ilikuwa inatoka kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Kisha ikaja sauti, adhuhuri, jua liko utosini na nyumba imefagiwa inang'aa: kitu kinatembea ukumbini taratibu, na kila hatua ni glasi inavunjika.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Macho yake yalikwisha kufa zamani, ulimi haukufa.

"Mkwe wangu, nani huyo anakanyaga glasi?"

"Hakuna mtu, mama."

"Macho ndiyo yaliyoharibika. Masikio hukuniazima wewe. Amesimama mbele yangu, ananinusa."

Bi Tenga alitazama. Mbele ya mama mkwe hapakuwa na kitu, ila khanga ya bibi yule ilikuwa inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa, kama mtu anapumua kwa karibu sana.

Siku ile ile, mezani, Zoazoa alifungua mdomo aombe chumvi. Badala ya maneno ukatoka mlio wa glasi inayosagwa, na unga mweupe ukamdondoka mdomoni juu ya sahani. Akajishika koo. Bi Tenga akamburuta chumbani, akafunga mlango.

"Zile taa unazipeleka wapi?" alimnong'oneza. "Usinitazame hivyo. Wapi?"

Sauti ilimjia kwa tabu, nyembamba. "Shimoni. Machimboni. Kule tanurini wanakufungulia kila boksi, wanakusimamisha juani. Nikawa nazitumbukiza."

"Na maboksi yangu?"

"Nayafungua. Nazivunja kwa nyundo kwanza, ziingie nyingi. Mara ya mwisho kuna kitu kilisema kutoka chini, 'Basi!' Nikadhani mwangwi. Nikapiga tena."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Sauti ikakatika, na pumzi nayo ikaanza kupungua.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene asiye na subira. Hakuketi. Alisimama mlangoni, akapiga chafya.

"Huyu hajaingiliwa," alisema. "Huyu amerudishiwa chake. Mwenye shimo alikuwa amelala kwake, mkamfanya jaa."

"Tufukizie, mama, mume wa mtu anakufa."

"Nifukize nini? Mimi si mfagiaji wenu. Mkavitoe. Vyote, kwa mikono, na ashuke aliyetupa. Vikitoka, atamwachia. Kikibaki kitu, na yeye atabaki na kitu."

Wakaenda. Zoazoa alifungwa kamba kiunoni na kitambaa puani, akashuka. Bi Tenga juu, na ndoo. Wakapatana: kwa kuwa hana sauti, akimaliza atavuta kamba kwa nguvu.

Ndoo zikapanda, betri zilizovimba, mikebe ya wino, vigae vya glasi, na Bi Tenga akazipokea akizimimina kwenye maboksi, na jua likazidi, na harufu ya fotokopi ikapanda pamoja na ndoo mpaka macho yakamtoka machozi, ndipo kutoka chini kabisa, wazi, tamu, ikaja sauti ya mumewe.

"Mke wangu, nimemaliza. Nivute."

Mikono ilikwisha kuishika kamba. Kamba ililegea tu.

"Nivute, mama watoto. Kuna baridi huku."

Ilikuwa sauti yake kweli, ile ya miaka ya uchumba, ile ya kumwamsha taratibu, na Bi Tenga alisimama amekakamaa huku anaisikiliza ikibembeleza, ikilia, kisha ikibadilika na kumtukana yeye na mama mkwe na tumbo lililomzaa, na ndani ya matusi yale akasikia glasi ikicheka, naye akang'ata khanga yake asije akajibu, akangoja, akangoja, mpaka kamba ikakaza mkononi mwake, mara moja, kwa nguvu. Ndipo akavuta.

Zoazoa alitoka mzima, anapumua. Akafungua mdomo. Hakuna kitu. Akamwonyesha mkewe viganja: glasi ameokota yote, lakini ule unga wa ndani ya taa ulikwisha kuingia kwenye maji na kwenye mawe. Unga hauokoteki. Angezitumbukiza bila kuzivunja, zingetoka nzima.

Nyumba ilitulia tangu siku hiyo. Zoazoa aliishi bubu, akafa kabla ya mama yake. Gari alirithi shemeji yake Bi Tenga, na waya wake wa mlango. Uwanja wa kutengea mizigo alirithi binti yao. Bi Tenga alirithi safari ya tanuri, akawa anasimama juani mwenyewe mpaka kila boksi lifunguliwe mbele yake. Sauti ya Zoazoa lilirithi lile shimo.

Na mama mkwe hakuachiwa kitu, ila kila adhuhuri alikuwa anaomba apelekwe machimboni, akaongee na mwanawe. Hakuna aliyekubali kumshika mkono. Akajifunza njia kwa fimbo. Waliokuwa wanapita walimkuta amekaa ukingoni, anasimulia habari za nyumbani, na chini anajibiwa.