Alama ya Limi Kwenye Ramani ya Mwisho

Namtanguliza Mola aliyeumba kila kitu kwa kipimo, akatupa macho ya kuonea na machozi ya kupunguzia uchungu. Baada Yake nawataja watu wa kisa hiki. Wa kwanza ni marehemu Davis Maganga, mchora ramani za majengo mjini Kahama. Kisha bintiye Limi, wa darasa la sita. Kisha Bi Naznin, mama yake Tanvir, mwenye duka la uchapaji. Na Mzee Makoye wa Samuye, ambako wanakijiji walikuwa wakijenga zahanati.

Kila alasiri Limi alitoka shuleni akapitia dukani kwa Bi Naznin, ambako baba yake alikuwa na meza yake. Hapo palikuwa na plota, mashine ya kuchapa ramani pana kama shuka. Plota ilipokea kazi kutoka kompyuta ya duka pekee. Kompyuta ya Davis ilitumia mfumo mwingine, na mifumo hiyo miwili haikusikilizana. Kwa hiyo Davis aliifunga ramani kwanza katika kompyuta yake, isibadilike njiani, ndipo akaihamisha kwa flashi. Ikishachapwa, Limi alipima kwa rula mstari wa pembeni, uliopaswa kuwa sentimita kumi kamili, akatia alama ya penseli.

"Mkaguzi ameridhika?" baba yake alikuwa akimtania.

"Ameridhika, mheshimiwa!"

Sasa Davis alikuwa kaburini, na Mzee Makoye alikuwa amekuja kuchukua ramani ya zahanati. Kompyuta ilikuwa mezani, chini ya kitambaa alichoifunikia Davis mwenyewe. Limi hakuweza kukifunua. Alichukua flashi yenye nakala isiyofungwa, akaichapa kutoka kompyuta ya duka. Rula ilikuwa ndani ya droo ya baba, naye hakuifungua. Akatia alama bila kupima.

Mzee Makoye alianza kuikunja ramani.

"Mjukuu wangu, baba yako tulimcheka sana. Tulimwuliza, 'Davis, hiyo rula unampimia sisimizi kiuno?' Akatujibu, 'Fundi wenu Masalu hupima milango juu ya karatasi yangu. Karatasi ikipunguza, mlango utapungua, na mgonjwa wa machela hatapita.' Basi nikiiona alama yako, moyo wangu unatulia."

Limi akaishika ncha ya ramani.

"Babu, usiondoke. Alama hiyo ni ya uongo. Sikupima."

Bi Naznin akatoa rula. Mstari ulikuwa sentimita tisa na nusu. Kompyuta ya duka ilikuwa imeibana ramani ili ienee kwenye karatasi, na milango yote ya zahanati ikawa imepungua.

"Kwa nini hukuifunga kwanza, mwanangu?" Bi Naznin alimwuliza.

"Mama Tanvir, nikiiwasha kompyuta ya baba, itaandika jina lake."

Bi Naznin akavuta kiti karibu naye. Wakakifunua kitambaa pamoja. Kioo kikaandika: Karibu, Davis. Limi akalia hata Mzee Makoye akageukia mlangoni, akijifuta uso kwa kiganja.

Kisha Limi akaifunga ramani kama alivyofundishwa, akaipeleka kwenye kompyuta ya duka, akachagua ukubwa halisi. Plota ikavuma. Pembeni pakatokea jina la mchoraji, D. Maganga, kwa herufi alizozipenda mwenyewe. Limi akapima: sentimita kumi. Akatia alama. Safari hii hapakuwa na wa kumwuliza kama mkaguzi ameridhika.

Ramani ya kwanza akaichana kwa mikono yake.

"Huzuni yako ina haki yake," Bi Naznin alimwambia. "Lakini watu wa Samuye wataitegemea alama yako wala hawatajua ulikuwa unalia. Ukishindwa kupima, sema umeshindwa, tukusaidie. Leo umesema, na jina la baba yako halikuachwa kwenye kazi yenye kasoro."

Mola ampokee Davis kwa upole. Awape subira Limi na mama yake aliyebaki mjane, na kila mgonjwa atakayeingizwa kwa milango ile arudi kwao na afya. Amina.