Raba za Breki Alizozisifu Chiriku

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alivua sare, akajifunga kitambaa kiunoni na kuingia karakanani kwa mama yake, fundi baiskeli. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alijaza upepo, alishika taa mama akikaza spoku, na huku akiuliza maswali mpaka mama akalalamika, "Mwanangu, hebu masikio yangu nayo yapumzike!"

Ndipo mama alipomfungulia blogu. "Haya, zungumza na walimwengu," alimwambia akicheka.

Blogu hiyo haikuwa ya kampuni moja. Kila kilichoandikwa kilihifadhiwa kwenye kompyuta za watu wengi, huku na huko. Mwenye akaunti alikuwa na ufunguo wa siri, yaani maneno ambayo asiyeyajua hawezi kuchapisha chochote kwa jina lake. Mama na binti tu ndio walioyajua. Msomaji aliyependezwa alituma tuzo, fedha kidogo iliyomfikia mwandishi moja kwa moja bila dalali. Chiriku aliandika jinsi ya kuziba tyubu na kulainisha mnyororo, na tuzo zikanunua gundi na viraka vya karakana.

Siku moja mama alikuwa ametoka kumpelekea mteja baiskeli. Akaingia muuza vipuri wa mtaa wa pili, tabasamu sikio kwa sikio.

"Binti, maandishi yako yanasomwa hadi dukani kwangu! Hebu zisifie raba zangu mpya za breki. Andika kwamba zinashika hata kwenye mvua. Nitakupa simu yenye kamera safi."

"Nizijaribu kwanza, mjomba?"

"Kwani huniamini? Mimi na mama yako tumetoka mbali."

Chiriku aliitazama simu ile, kisha ile ya mama yenye kioo kilichopasuka. Tamaa ikamshika mkono. Jioni hiyo hiyo aliandika, na tuzo zikamiminika kuliko siku zote. Mama alipouliza simu imetoka wapi, alijibu, "Nimezawadiwa kwa maandishi yangu." Hakusema uongo, lakini ukweli wote aliumeza.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Ngongoti, msichana mwenye miguu mirefu kuliko wote darasani, alifika karakanani akichechemea, kiwiko kimefungwa bendeji, akisukuma baiskeli iliyopinda usukani.

"Nilibana breki kwenye mteremko," alisema, "baiskeli ikaendelea kama haijasikia. Nikaishia kwenye ua wa watu!"

"Pole sana! Raba ulinunua wapi?"

"Si zile ulizoandika wewe?"

Chiriku alikitazama kiwiko kile kilichofungwa. Akachukua simu, akafuta maandishi yale. Kwenye ukurasa wake yalitoweka, lakini alipotafuta aliyakuta kwa watu wengine, mazima, picha na yote. Machozi yakamlenga. Akamwendea mama na kumweleza kila kitu, asibakize hata chembe.

Mama hakupiga kelele. Alizivua raba zile kwenye baiskeli ya Ngongoti, akazifunga kwenye baiskeli nyingine, akamwagia rimu maji, akasema, "Sukuma." Chiriku akabana breki, akasukuma. Gurudumu likateleza kama limepakwa mafuta.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama alisema. "Lakini sakafu inapanguswa. Ufunguo unao. Andika."

Chiriku akaandika: "Nilisifu raba ambazo sikuzijaribu, na nilipewa simu ili nizisifu. Leo tumezijaribu kwenye maji. Hazishiki. Mliozifunga, zivueni." Akaweka na video ya gurudumu lile likiteleza, kisha akawaomba walionakili maandishi ya kwanza wachapishe na haya.

Kesho yake muuza vipuri alikuja amefura. "Futa mara moja! La sivyo, nipe huo ufunguo nifute mwenyewe!"

Chiriku akasimama wima. "Ufunguo siutoi, mjomba. Na hata nikifuta, yameshasambaa kama yale ya kwanza. Simu yako hii hapa. Ukileta raba nzuri tutazijaribu, na zikishika nitaandika kwamba zimeshika, tena bure."

Mtu mzima yule akamgeukia mama. Mama aliendelea kupangusa mnyororo. "Umesikia mwenye blogu," alisema.

Muuza vipuri akachukua simu yake na kuondoka. Baadaye, wateja walipoanza kumrudishia raba, aliziondoa dukani, akaleta za aina nyingine zijaribiwe, uso ameukunja kama aliyelamba ndimu.

Wasomaji wengine walimcheka Chiriku, na kwa muda tuzo zilipungua. Lakini baba mmoja aliandika: "Nimezivua raba hizo kwenye baiskeli za wanangu leo. Ahsante kwa kusema kweli." Chiriku aliyasoma maneno hayo kwa sauti, akarudia tena.

"Unaona?" mama alisema. "Blogu ni yako na ufunguo ni wako. Hakuna mkubwa wa kukukataza, wala wa kukusahihisha. Basi ukweli lazima uanzie kwako. Kula jasho lako, mwanangu, lakini usiuze imani ya msomaji, kwa sababu hiyo haina duka la vipuri." Akamkabidhi spana. "Haya, funga breki za Ngongoti. Na safari hii, jaribu kabla hajapanda."

Chiriku akaenda kuchota maji.