Mwau Achagua Krenki ya Turbo

Mwau wa Mutomo alinunua mbuzi bila mizani. Alimshika mbuzi, akamwinua hadi kifuani, akafumba macho kidogo. Kisha akambonyeza mgongo kwa kidole gumba. Basi! Akikwambia ni kilo thelathini, ni thelathini kweli. Watu wa soko walimwamini, na yeye mwenyewe alijiamini kupita kiasi.

Mbuzi hao aliwapeleka soko la Nunguni, huko mlimani, kwa lori lake dogo lenye injini ya turbo. Lori hilo ndilo lililolisha nyumba. Sasa lilikuwa limelala kwenye gereji mjini Wote, injini wazi. Krenki ilikuwa imekatika vipande viwili mlimani.

Krenki ni chuma kizito kilichopindapinda ndani ya injini. Pistoni huisukuma, nayo huzunguka na kuzungusha magurudumu. Bila krenki, gari ni banda la kuku tu.

"Hii uliinunua mwaka jana," alisema Musyoka, fundi wake. "Nani alikuchagulia?"

"Nilichagua mwenyewe. Ilikuwa inang'aa."

Musyoka alishika kiuno. "Sikia, Mwau. Safari hii bloku, mwili wa injini, imepona kwa bahati. Krenki nyingine ikikatika, bloku itapasuka. Hapo hakuna injini tena. Lori utawauzia watu wa vyuma vikuukuu."

Simu ya Mwau ililia. Alikuwa Nthenya, mke wake.

"Baba Katunge, nyasi zimeisha huku. Mbuzi thelathini wanakonda nikiwaona. Unakuja lini?"

"Nanunua krenki leo," alisema Mwau. Akakata simu, akamwita Musyoka waende pamoja.

Katika duka la spea, Ben mwenye duka aliweka krenki tatu mezani. Hakuna hata moja iliyotoka kwa kampuni iliyotengeneza lori. Zote zilikuwa za viwanda vingine.

"Hii ni orijino, mzee wangu," alisema Ben. "Na hii ni orijino zaidi."

"Na ile ya tatu?"

"Hiyo ni ya kazi ngumu. Lakini watu hawaipendi, haina sura."

Mwau alichanganyikiwa. Orijino na orijino zaidi, tofauti ni nini? Dereva mmoja aliyekuwa pale alimwambia achukue ya kwanza. Mwingine akasema hiyo hata ya bure asiichukue. Kichwa cha Mwau kilizunguka.

"Ipi nzito?" aliuliza. Hakungoja jibu. Aliinua ya kwanza hadi kifuani, akairudisha. Akainua ya pili, iliyong'aa kama sufuria mpya. Akafumba macho. "Ni hii!"

Musyoka alicheka hadi akashika meza. "Woi! Unapima mbuzi?"

"Sasa nipime na nini?" Mwau alikasirika, na aibu ilimpata pia.

"Mimi kufunga najua. Chombo cha kupimia sina. Twende kwa Madam Kasiva."

Kasiva alifundisha ufundi wa magari chuoni, hapo karibu tu. Aliweka mezani vipande vya krenki walivyomletea, akavitazama.

"Mzee Mwau, weka kidole gumba hapa ilipokatikia. Unasikia nini?"

"Kona. Kona kali kama ya sanduku."

"Ndiyo. Turbo inaingiza hewa nyingi kwenye injini, na mafuta yanawaka kwa nguvu. Pistoni nazo zinasukuma krenki kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo inakusanyika kwenye kona kali. Ufa unaanza hapo, mdogo sana. Kila mlima, unaongezeka."

"Kwa hivyo nitafute nzito zaidi?"

"Hapana."

"Yenye kung'aa zaidi?"

"Hapana, mzee."

"Aa, sasa mimi sielewi kitu!" Mwau alikaa juu ya gurudumu kuukuu. "Niambie jina moja tu ninunue, niende nyumbani."

Kasiva hakumcheka. "Mbuzi ukishamwinua, unamlipia hapo hapo?"

"Haiwezekani! Lazima nimfungue mdomo nione meno. Nione macho. Nione kwato. Nimtembeze."

"Kumbe uzito peke yake hautoshi."

Mwau akainuka kutoka kwenye gurudumu. Kidogo kidogo, akaanza kupata mwanga.

Walirudi dukani watatu. Kasiva alibeba kitabu cha injini ile, pamoja na maikromita, chombo cha kupimia unene wa chuma. Alianza na namba zilizochongwa kwenye krenki, akazilinganisha na kitabu. Krenki ya kwanza ilikuwa ya injini isiyo na turbo. Ikawekwa kando.

"Ya pili pima wewe," alimwambia Mwau. "Kwa kidole."

Mwau alipitisha kidole gumba kwenye chuma kile kilichong'aa. Kidole kikasimama. "Ngai! Ni kona ile ile!" Akaisukuma mbali. Hiyo ndiyo aliyokuwa karibu kuinunua.

Akashika ya tatu, ile isiyo na sura. Kona zake zilikuwa za mviringo. Matundu ya oili yalikuwa laini, hayana makali. Karatasi zake zilisema chuma kilipondwa kwa nguvu kikiwa moto, hakikuyeyushwa na kumiminwa tu, kwa hivyo ni imara zaidi. Kasiva alipima kila mahali panapozunguka kwenye beringi. Vipimo vyote vililingana na kitabu.

"Ben, mbona hukuniambia?" aliuliza Mwau.

"Uliniuliza ipi nzito," alijibu Ben huku akiandika karatasi ya garantii.

Kasiva alimgeukia Musyoka. "Safisha njia zote za oili kabla ya kufunga. Weka beringi mpya na oili mpya. Oili chafu itaua turbo, na krenki itafuata."

Siku ya nne, krenki mpya ikiwa imefungwa, mbuzi thelathini walipanda lori. Kwenye mlima wa Nunguni Mwau aliendesha polepole. Alisikiliza injini kila kona, jasho likimtoka. Akafika mahali lori lilipokufa. Akapapita. Nyuma, mbuzi walilia kwa kelele, na Mwau akapumua kwa nguvu.

Kipande cha krenki ya zamani hakukitupa. Kiko nyumbani Mutomo, beberu amefungwa hapo kwa kamba. Mwenye gari akija kumwomba ushauri, Mwau hasemi mengi. Anamwambia achuchumae karibu na beberu, anamshika kidole gumba na kukiweka kwenye kona ile.

"Sikia hapo," anamwambia. "Hapo ndipo nyumba yangu ilipotaka kukatikia."