Aliyefunga Kijito

Kila asubuhi kabla ya shule, Joëlle aliteka maji kwenye kijito kinachopita chini ya mtaa wa Saio, mjini Bunia. Zamani kazi hiyo ilikwenda na vicheko na kurushiana maji. Mwaka ule wa vita wasichana waliteka kimyakimya, na hata mbuzi akikohoa walishtuka.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, alisikia sauti za vijana nyuma ya matete. Mmoja wao Joëlle alimtambua kwa sauti. Alikuwa Aaron, kijana aliyeishi upande wa juu wa kijito, kwenye vibanda vya wakimbizi kutoka Djugu.

"Kila mwaka mvua ikianza, kambare zinapanda kutaga mayai mu majani yetu," Aaron alisema kwa hasira. "Mwaka hii, hata moja! Batoto banalala na njaa. Ni Mumbere njo alifunga mayi na migono yake. Anataka siye tukufe."

"Jua ikipanda kidogo tunashuka kwake," mwingine akajibu. "Kila mutu na panga yake."

Mumbere, fundi wa baiskeli, alikuwa jirani wa akina Joëlle. Hakuwa wa kabila la Aaron, na ni kweli alisuka migono ya kutegea samaki. Lakini maji hakuyafunga yeye. Joëlle ndiye aliyeyafunga.

Wakati wa kiangazi, wanawake na wasichana wa pale huvua kwa kuziba kijito. Hujenga kuta za udongo, matete na vigogo vya migomba, kisha humwaga maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki wakirukaruka topeni. Sheria ni moja, na mtoto huijua kabla hajajua kusoma: aliyefunga, hufungua kabla ya kurudi nyumbani. Siku moja ya kiangazi kilichopita, Joëlle na rafiki yake Solange walikuwa bado wanamwaga maji karibu na daraja, bunduki zikalia. Wakakimbia kama vifaranga walioona mwewe. Nani angekaa kubomoa ukuta?

Kosa halikuwa kukimbia. Kosa lilikuja jioni, mama yake, Alphonsine, alipomuuliza kama walifungua maji. Joëlle aliogopa fimbo, akaogopa na kurudishwa kule. Akajibu, "Tulifungua, mama." Alijifariji kwamba mvua ingeubomoa ukuta. Kumbe Joëlle, msichana wa kuosha sahani upande mmoja tu, siku hiyo alikuwa amejenga vizuri mno! Mvua ilisukuma takataka juu ya ukuta, ukakaza zaidi.

Sasa alikimbia nyumbani na dumu la maji mgongoni, yakimmwagikia. Kichochoroni alikutana na Mumbere akisukuma baiskeli ya mteja.

"Joëlle, bidoni yako inavuja," Mumbere alimwambia akicheka. "Ukitoka ku masomo, uilete niizibe."

Joëlle alimpita mbio. Aliogopa sana. Akisema, huenda mapanga yale yangegeukia mlango wao wenyewe. Akinyamaza, mtu huyu asingeiona jioni.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Joëlle alimweleza yote huku akilia. Mwichi ukasimama hewani.

"Kumbe ulinidanganya na bongo?"

"Niliogopa, mama."

"Na mi naogopa," mama alisema, akaweka mwichi kando. "Twende, tubapate mu njia, mbele bafike kwa Mumbere."

Waliwakuta vijana njiani, wanateremka, mapanga mikononi. Mama akamkaza Joëlle mkono.

"Ni... ni mi na Solange njo tulifunga mayi," Joëlle akasema. "Kule ku daraja. Masasi ikalia, tukakimbia, hatukufungua. Papa Mumbere hajui kitu."

"Nani alikutuma? Ni yeye?" Aaron alimsogelea. "Alikupatia nini?"

Mama akasimama mbele ya binti yake. "Kama ni kupiga, munipige mi nilimuzaa. Lakini muone kwanza. Mayi iko hapa karibu, haitakimbia."

Vijana walitazamana. Mmoja alinung'unika, lakini Aaron akatangulia, na wote wakafuata hadi darajani. Ukuta ulikuwepo, na beseni la Solange limezama topeni pembeni yake. Upande wa chini wa ukuta kambare walikuwa wamesongamana, migongo myeusi juu ya maji, wakitafuta njia ya kupanda na kuikosa. Hapakuwa na mgono hata mmoja.

Aaron aliingia majini akakata kigogo cha mgomba kwa panga. Wenzake wakamfuata, Joëlle akang'oa matete kwa mikono. Ukuta ulipopasuka, maji yalishuka kwa kishindo, na yalipotulia kidogo kambare wakaanza kupanda wakipita katikati ya miguu yao.

Mumbere alisikia kelele akaja mbio na beleshi. "Munafungua mayi? Ngojeni, nisaidie!"

Hakuna aliyeweza kumtazama usoni. Mama Alphonsine akamweleza yote, hata walikokuwa wakienda vijana wale. Mumbere akaketi majanini.

"Joëlle," aliuliza baadaye, "uliogopa nini, mutoto wangu?"

"Fimbo ya mama."

Mumbere aliyatazama mapanga yaliyolowa, moja baada ya jingine. "Fimbo," alisema polepole.

Joëlle alilia kuliko ambavyo angelia kwa fimbo yoyote. Mama alimwacha alie, kisha akamwambia mbele ya wote:

"Kuogopa si zambi, mutoto wangu. Siye bote tunaogopa mu vita hii. Lakini ukifunika kosa na bongo, mwengine njo atalipa. Na weye Aaron, ulishika panga bila kushuka kuangalia mayi. Kesho mukiwa na mashaka, mutembee kwanza mukaone."

Aaron aliinamisha kichwa. Akamnyooshea Mumbere mkono ili kumwinua, na Mumbere, baada ya kusita kidogo, akaushika.